Vitundu ndani ya saruji iliyoganda: hupungua kwa njia gani, na kwa nini vipimo havikubaliani?

Mdadisi wa Zege

Wataalamu, salaam. Ninaandaa tasnifu kuhusu udumivu wa zege, na kuna jambo ambalo vitabu nilivyosoma vinalipita kwa haraka mno. Nimetengeneza sampuli za rojo tupu la saruji, yaani saruji na maji bila mchanga wala kokoto, kwa uwiano wa maji kwa saruji wa 0.40 na 0.60, nikazihifadhi ndani ya maji ya chokaa hadi zikatimiza umri wa siku 28. Nilipima uwazi wa jumla, yaani sehemu ya ujazo wa sampuli iliyo vitundu, kwa kulinganisha uzito wa sampuli iliyoshiba maji na uzito wake baada ya kukaushwa tanurini kwa nyuzi 105 za Selsiasi, na tofauti kati ya mikorogo hiyo miwili haikuwa kubwa kama nilivyotarajia. Hata hivyo, nilipopima kasi ya maji kupenya, sampuli ya 0.60 ilipitisha maji kwa wingi usiolingana hata kidogo na tofauti ile ya uwazi. Kisha nikapeleka vipande vya sampuli zile zile kwenye kipimo cha zebaki, nacho kikanipa uwazi mdogo kuliko ule wa tanuri kwa sampuli zote mbili.

Ninaomba kueleweshwa mambo matatu. Kwanza, baada ya kukoroga hatuongezi saruji wala kitu kingine chochote, sasa ni nini hasa kinachoziba vitundu kadiri siku zinavyokwenda? Pili, inakuwaje tofauti ndogo ya uwazi izae tofauti kubwa namna ile ya upenyaji? Tatu, kati ya tanuri na zebaki, ni kipimo kipi niandike kwenye tasnifu kama ndicho uwazi wa kweli wa sampuli?

Mhandisi wa Vifaa

Ndugu Mdadisi, maswali yako mawili ya kwanza yana jibu moja, na jibu hilo linaanza dakika ile unapomaliza kukoroga. Wakati huo kila chembe ya saruji inaelea ndani ya maji, na nafasi yote inayokaliwa na maji ndiyo inayokuja kuwa mfumo wa vitundu. Hakuna kinachochimba vitundu baadaye. Vitundu ni mabaki ya nafasi ya maji ambayo mazao ya mmenyuko hayakuweza kuijaza. Gramu 100 za saruji, kwa msongamano wa takriban gramu 3.15 kwa kila sentimita ya ujazo, huchukua ujazo wa karibu sentimita 32 za ujazo. Ukiongeza gramu 40 za maji, maji yanakuwa asilimia 56 ya ujazo wote. Ukiongeza gramu 60, yanakuwa asilimia 65. Huo ndio uwazi wa siku ya kwanza, na kila kinachofuata ni kupungua kutoka hapo.

Kinachoujaza ni saruji yenyewe inapobadilika umbo. Madini ya klinka, yaani yale mawe yaliyochomwa tanurini na kusagwa kuwa saruji, hasa silikati za kalsiamu, huyeyuka polepole ndani ya maji, na ioni zake zikisharundikana vya kutosha hutuama upya kama madini mapya yaliyofunga maji ndani yake. Zao kubwa kuliko yote ni haidrati ya silikati ya kalsiamu, ambayo kwa kawaida huandikwa C-S-H, nayo huota juu ya chembe za saruji na kusambaa kuelekea nafasi ya maji. Pembeni yake hujitokeza fuwele kubwa za chokaa iliyozimika, na aluminati, madini mengine ya klinka, ikikutana na jasi hutoa fuwele za etringaiti zenye umbo la sindano. Mazao haya yote ni mepesi kuliko saruji iliyoyazaa, kwa hiyo sentimita moja ya ujazo ya saruji hutoa zaidi ya sentimita mbili za mazao, ukihesabu na vitundu vidogo vilivyomo ndani ya C-S-H. Karibu nusu ya mazao hayo hukaa mahali palipokuwa na chembe yenyewe, na nusu nyingine hulazimika kuingia katika nafasi ya maji. Hapo ndipo vitundu vinapozibwa bila mtu kuongeza chochote.

Waliotuwekea hesabu ya jambo hili ni T. C. Powers na T. L. Brownyard wa Marekani, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1946 na 1947. Waliona kwamba kila gramu moja ya saruji iliyokwisha kumenyuka hufunga kikemia takriban gramu 0.23 za maji, na hushikilia nyingine 0.19 ndani ya vitundu vya jeli, yaani vile vya ndani ya C-S-H vyenye upana wa nanomita chache tu. Maji yaliyobaki nje ya jeli yanakaa katika vitundu vya kapilari, ambavyo huanzia makumi ya nanomita na kufikia mikromita kadhaa. Kutokana na hesabu yao, uwazi wa kapilari kwa sampuli iliyohifadhiwa majini unapatikana hivi: chukua uwiano wa maji kwa saruji, toa 0.36 mara kiwango cha mmenyuko (sehemu ya saruji iliyokwisha kumenyuka), kisha gawanya kwa uwiano huo huo ukiongeza 0.32. Uwazi wa jumla, unaojumuisha vitundu vya jeli, unapatikana kwa kuweka 0.17 mahali pa 0.36.

Sasa tutumie hesabu hiyo kwa sampuli zako. Tuchukulie kwamba katika mkorogo wa 0.40 asilimia 75 ya saruji imemenyuka, na katika ule wa 0.60 asilimia 85, kwa kuwa penye maji na nafasi zaidi mmenyuko huenda mbele zaidi. Uwazi wa jumla unatoka karibu asilimia 38 kwa sampuli ya kwanza na asilimia 50 kwa ya pili. Hiyo ndiyo tofauti ya wastani uliyoiona tanurini. Lakini uwazi wa kapilari peke yake ni asilimia 18 kwa 0.40 na asilimia 32 kwa 0.60, na maji yanayopenya hupita kwenye kapilari. Vitundu vya jeli vinaongeza uwazi unaoupima kwa mizani bila kuongeza njia ya maji kwa kiasi cha maana, kwa sababu maji yaliyomo ndani yake yameshikwa na kuta zilizo karibu mno.

Tena, wingi wa kapilari si habari yote. Jambo kubwa zaidi ni kama kapilari hizo bado zimeungana kutoka upande mmoja wa sampuli hadi mwingine, au zimekatwa na C-S-H zikabaki kama visima vilivyotengwa, kiasi kwamba maji yakitaka kutoka kisima kimoja kwenda kingine lazima yapite ndani ya jeli. Mwaka 1959 Powers na wenzake Copeland na Mann walikadiria muda unaohitajika kwa kapilari kukatika katika saruji inayowekwa na unyevu wakati wote: siku 3 kwa uwiano wa 0.40, siku 7 kwa 0.45, siku 14 kwa 0.50, miezi 6 kwa 0.60, mwaka mzima kwa 0.70, na zaidi ya hapo hazikatiki kamwe. Sampuli zako zote zina umri wa siku 28. Ile ya 0.40 ilishavuka mpaka wake zamani, ilhali ya 0.60 iko mbali nao bado. Unalinganisha mifumo miwili ya aina tofauti, na ndiyo maana nisingetegemea upenyaji wake ufuate asilimia za uwazi.

Mpima Zebaki

Maelezo ya Mhandisi yanatosha kwa maswali mawili ya kwanza. Mimi nitajibu la tatu, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya kila siku, na ninaona matokeo ya zebaki yakitafsiriwa vibaya katika tasnifu nyingi.

Zebaki hailowanishi saruji, hivyo haiingii kitunduni mpaka isukumwe. Mlinganyo wa Washburn wa mwaka 1921 unatupa uhusiano kati ya shinikizo na upana wa mlango ambao zebaki inaweza kupita: kadiri mlango ulivyo mwembamba, ndivyo shinikizo linavyopaswa kupanda. Mashine inayofikia megapaskali 400 huishia kwenye milango yenye kipenyo cha karibu nanomita 4. Vitundu vyote vilivyo vidogo kuliko hapo, vikiwemo vingi vya jeli na nafasi zote zilizo kati ya tabaka za C-S-H, havionwi na zebaki kabisa. Tanuri kwa upande wake halichagui: kwa nyuzi 105 linaondoa maji ya kapilari, ya jeli na sehemu kubwa ya yale ya katikati ya tabaka, kisha linanyang'anya hata etringaiti baadhi ya maji ambayo ni sehemu ya fuwele yake. Kwa hiyo zebaki hutoa namba ndogo na tanuri hutoa namba kubwa, na hakuna moja kati yake iliyo ya uongo. Kila moja inajibu swali lake.

Nimesema makusudi kwamba zebaki hupima mlango, kwa maana hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Fikiria kitundu chenye upana wa mikromita 2 kilichozungukwa na C-S-H, ambacho njia yake pekee ya kuingilia ina upana wa nanomita 50. Zebaki itasubiri nje hadi shinikizo litoshe kupenya mlango wa nanomita 50, kisha itajaza chumba chote kwa mkupuo, na mashine itaandika kwamba sampuli ina ujazo mkubwa wa vitundu vya nanomita 50. Kile chumba cha mikromita 2 hakitaonekana popote kwenye grafu. Hili huitwa tatizo la chupa ya wino, na Sidney Diamond wa Chuo Kikuu cha Purdue alilieleza kwa ukali mwaka 2000, akionyesha kwa picha za hadubini ya elektroni kwamba vitundu vikubwa vinavyoonekana waziwazi kwenye sampuli iliyokatwa na kung'arishwa havipo katika mgawanyo unaotolewa na zebaki.

Ninakubaliana na Diamond kwamba zebaki haifai kuitwa kipimo cha mgawanyo wa ukubwa wa vitundu. Sikubaliani na wale wanaotaka kuitupa kwa sababu hiyo. Tazama grafu yako mahali ambapo mstari unapanda ghafla: hicho ni kipenyo cha kizingiti, yaani upana wa milango ambayo, ikishapitika, zebaki inasambaa ndani ya sampuli nzima. Kipenyo hicho kinaeleza moja kwa moja jambo ambalo Mhandisi ameliita kuungana kwa kapilari. Ukipima sampuli ile ile kwa siku 3, 7, 28 na 90 utaona kizingiti kikihama kuelekea upande wa vitundu vidogo, na katika mkorogo wa 0.60 utakikuta kimebaki upande wa vikubwa kuliko cha 0.40 kwa umri ule ule. Andika namba hiyo kwenye tasnifu, na iweke mbele ya uwazi wa jumla.

Kuna jambo moja hukulitaja, nalo lina uzito: ulikausha vipi vipande vya zebaki? Kama vilipitia tanuri la nyuzi 105, ujue kwamba maji yanapotoka kwenye vitundu vyembamba huvuta kuta zake kwa nguvu, C-S-H hujikunja, mipasuko midogo hutokea, na milango hupanuka kabla zebaki haijaigusa. Powers na wenzake waliona mapema kwamba rojo lililokaushwa kisha likaloweshwa tena linaweza kupitisha maji makumi ya mara kuliko lile ambalo halikukauka kamwe. Njia iliyo salama zaidi ni kukata vipande vyembamba vya milimita chache, kuvizamisha ndani ya aisopropanoli, aina ya alkoholi, ibadilishane nafasi na maji, kuibadilisha aisopropanoli hiyo mara kwa mara, kisha kuiondoa kwa pampu ya ombwe bila kupasha joto kali.

Mdadisi wa Zege

Ninashukuru sana, ndugu zangu. Vipande vya zebaki vilikaushwa tanurini kama vile vingine, kwa hiyo nitavirudia kwa njia ya aisopropanoli. Niongeze swali ambalo limezuka kutokana na maelezo yenu. Katika mkorogo wa tatu niliondoa asilimia 30 ya saruji nikaweka majivu ya makaa ya mawe. Kwa siku 28 uwazi wake ulikuwa mkubwa kuliko wa saruji tupu. Kwa siku 90 uwazi wa jumla ulibaki karibu pale pale, lakini upenyaji wa maji ulishuka sana. Kama vitundu havikupungua, ni nini kilichozuia maji?

Mkemia wa Saruji

Nitaanza na majivu, kisha nitarudi kwenye jambo moja la Mhandisi ambalo naona linahitaji kuongezewa.

Majivu ya makaa ya mawe hayamenyuki na maji peke yake kwa kiasi cha maana. Yanasubiri chokaa iliyozimika inayotolewa na saruji, na hata ikishapatikana, kioo kilichomo ndani ya majivu huyeyuka polepole mno. Katika wiki za mwanzo, basi, umeondoa asilimia 30 ya kitu kinachojaza nafasi na mahali pake umeweka kitu ambacho bado kimelala. Ni lazima uwazi wa mapema uwe mkubwa, na mtu atakayehukumu mkorogo huo kwa siku 7 au hata 28 ataukosea haki. Baadaye majivu yanaanza kula fuwele za chokaa na kutoa C-S-H zaidi, tena inayotuama papo hapo ndani ya nafasi za maji zilizoachwa wazi. Lakini C-S-H hiyo mpya inakuja na vitundu vyake vya jeli. Kapilari moja pana inageuka kuwa mkusanyiko wa vitundu vingi vya nanomita chache. Jumla ya uwazi inapungua kidogo tu, au inabaki pale pale machoni pa tanuri, ilhali njia ya maji imekatika. Ndicho ulichokipima. Peleka sampuli hiyo kwenye zebaki kwa siku 28 na 90, na ninatarajia uone kizingiti kimehama sana ingawa ujazo wote wa zebaki ulioingia haukubadilika kwa kiasi hicho.

Sharti lake ni maji. Mmenyuko huu hutegemea unyevu kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu unyevunyevu wa ndani ukishuka chini ya asilimia 80 hivi, mmenyuko wa saruji wenyewe huwa karibu umesimama, na majivu yanayohitaji miezi ndiyo yanayopoteza zaidi. Zege lenye majivu lililomwagiliwa maji kwa siku chache kisha likaachwa likauke linabaki na uwazi wa mwanzo usio na fidia. Kwa mikorogo yenye maji machache sana hali ni tofauti kidogo: mmenyuko wenyewe hula maji, na kwa kuwa mazao yana ujazo mdogo kuliko jumla ya saruji na maji vilivyoingia, kwa tofauti ya takriban sentimita 6 za ujazo kwa kila gramu 100 za saruji, kapilari hubaki tupu kutoka ndani hata kama sampuli imefungwa isipoteze tone.

Sasa nirudi kwa Mhandisi. Hesabu ya Powers inachukulia kwamba jeli ina uwazi usiobadilika, karibu asilimia 28 ya ujazo wake, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Vipimo vya mwangwi wa sumaku wa viini vya haidrojeni, vinavyosoma maji palepale yalipo bila kukausha sampuli, vinaonyesha picha yenye mwendo zaidi. Kazi iliyochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Uswisi na Uingereza ilionyesha kwamba vitundu vya jeli huongezeka kwa haraka katika siku za mwanzo kisha husimama, ilhali maji ya katikati ya tabaka huendelea kuongezeka. Maana yake ni kwamba C-S-H ya mapema ni legelege na huendelea kushikamana kadiri umri unavyosonga. Ninalitaja kwa sababu linagusa joto. Ukihifadhi sampuli kwa nyuzi 60 badala ya 20, mmenyuko huenda mbio na C-S-H hutuama ikiwa imeshindiliwa karibu na chembe zake, haipati muda wa kusambaa. Jeli iliyoshindiliwa inachukua nafasi ndogo, kapilari kati ya chembe zinabaki pana, na sampuli hiyo huwa na nguvu zaidi siku ya kwanza lakini hupitwa na ile ya nyuzi 20 baada ya wiki kadhaa. Modeli yenye jeli isiyobadilika haiwezi kueleza jambo hilo.

Mhandisi wa Vifaa

Nyongeza ya Mkemia kuhusu joto ni ya haki, nami naipokea. Bado nitaendelea kufundisha hesabu ya Powers kwanza, kwa kuwa inamwezesha mtu mwenye mizani na kalamu kukadiria bajeti ya nafasi kwa usahihi wa kutosha kabla hajaingia maabara, na hakuna modeli mpya inayompa hivyo kwa bei nafuu ya namba tatu.

Ila kwenye muda wa kukatika kwa kapilari, naomba Mdadisi asiuchukulie kama sheria. Mwaka 1991 watafiti Bentz na Garboczi, kwa kutumia modeli za kompyuta, walikuta kwamba kapilari hukatika uwazi wake ukishuka hadi karibu asilimia 20, na kwa kipimo hicho uwiano wa 0.60 unaweza usifike kabisa hata saruji yote ikimenyuka: hesabu niliyoitoa hapo juu inakupa asilimia 26 kwa mmenyuko kamili. Powers aliupa miezi 6. Tofauti hiyo inatokana na kwamba Powers alisoma mpaka huo kutoka kwenye mabadiliko ya upenyaji, wakati modeli inauliza kama njia ipo au haipo. Katika sampuli halisi njia hazifungwi zote siku moja. Zinapungua upana, zinajipinda, zinakatika moja baada ya nyingine. Vipimo vya Powers kwa rojo la uwiano wa 0.70 vilionyesha upenyaji ukishuka zaidi ya mara milioni moja ndani ya wiki nne za mwanzo, muda mrefu kabla ya huo mwaka mmoja wa kukatika.

Mpima Zebaki

Nimalizie na tahadhari kwa sura ya tasnifu itakayotoka kwenye rojo kwenda kwenye zege. Kokoto zikiingia, chembe za saruji haziwezi kujipanga vizuri kwenye uso wa jiwe, hivyo ukanda wa mikromita 20 hadi 50 kuzunguka kila kokoto hubaki na maji mengi na saruji kidogo kuliko kwingineko. Ukanda huo una kapilari pana na fuwele kubwa za chokaa, na kokoto zikiwa nyingi kanda hizo hugusana. Usichukue kizingiti cha rojo la 0.40 ukakipa zege la 0.40. Wala usipime zege kwa kipande kidogo cha zebaki, kwa sababu kipande cha gramu chache kinaweza kuwa na kokoto moja au kisiwe nayo kabisa, na matokeo yatafuata bahati hiyo. Kwa zege pima ufyonzaji wa maji kwa uso mmoja na ukinzani wa umeme katika sampuli iliyoshiba, kwa siku 28 na 90, halafu tumia zebaki kwenye rojo lenye uwiano ule ule ili kueleza namba hizo zinatoka wapi.